Tumbo la Heru Juu

…na taya la mbuzi bado gumu mkononi mwangu, ute unanichuruzika hadi kwenye kiwiko, meza basi, meza, Saady ameegemea mlango wa banda na kisu cha kuchinjia, kaka yangu huyu tangu kambi ya wakimbizi ya Mtabila ifungwe na duka lake lipooze hana subira, "Dada, niache nimuwahi asije akafa kibudu, tangu tumpandishe kutoka Ujiji hajala kitu," kana kwamba sijui, mimi ninayejua kwamba huyu ni mtoto wa Chausiku, na Chausiku wa Kidoti, na Kidoti wa yule jike ambaye Mama alimwacha kwa ndugu zake Ujiji alipoolewa huku, akifa huyu, mbuzi wa Mama wamekwisha… jirani yetu Maximilla anacheka, vidole vyake bado vya kijani, ametoka kukwangua mcheuo kinywani mwa mbuzi wake aliyezaliwa hapa Heru Juu, tukamsukumia mgonjwa wetu ulimini, ndivyo wanavyofanya hapa kwa mnyama aliyetoka ziwani, "Mgeni anaringa huyu, anasubiri dagaa," nami nacheka, ingawa asubuhi nilitaka kukataa, niliona kinyaa, mate ya mbuzi wa watu ndani ya mbuzi wa Mama, nikampigia Nurudini, mtoto wa Saady, anasomea mifugo, akasema shangazi, kubali, tumboni mwa mbuzi kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyomeng'enya majani, vya kwake vimezoea majani ya ziwani, tena huko Asia kuna milima ambako hewa ni haba, ng'ombe wa huko wenye manyoya marefu wana vijidudu vyao, vinakamua nguvu nyingi kwenye majani makavu na kupoteza gesi kidogo, na Heru je, nikauliza, akacheka, hicho ni kilima tu shangazi, kwetu labda tofauti ni majani na baridi tu, lakini tumbo ni tumbo, linahitaji wenyeji… wenyeji, neno hilo limenikaa, maana Mama alisimulia kwamba alipofika huku bibi harusi, ukungu hadi jua liwe kali, maharage yalimkataa, akakonda, wakasema arudishwe kwao, na mama mkwe wake akamkalisha wakala sahani moja, akamlisha tonge kwa mkono, kidogo kidogo, hadi tumbo likakubali, akatuzaa sote, na mimi miaka yote nikiulizwa nasema Mama alikuwa mtu wa Ujiji, anayekosea namsahihisha, na sasa nimekaa juu ya samadi nikiona kwamba aliyetunyonyesha alikuwa amekwisha kuwa mtu wa huku, tumbo lake la huku, na hakupungukiwa Ujiji hata kidogo… baridi inapenya kanga, taya bado gumu, mcheuo bado ulimini, Saady anakohoa, "Dada?", nami napapasa koo la mbuzi polepole, "Rudisha kisu jikoni," namwambia, "hata Mama alichelewa kumeza."