Kosa Kwenye Bango la Mama

Bango la mazishi lilikuwa bado kwenye kompyuta ya Fiifi, mchapishaji wetu wa pale Sekondi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufoka. Picha ya Mama ilikuwa nzuri, kilemba kimemkaa. Jina lake, Efua Mansa Essel, lilikuwa sawa. Chini yake, kwa herufi nyekundu za kusomeka hadi ng'ambo ya barabara: ONE OF THE BEST WIFE.

"Fiifi, hiki nini?"

"Dada Araba, kwanza pole na msiba."

"Pole yako weka kando! Hiki Kiingereza cha wapi? Mji mzima unajua mimi ni mwalimu wa Kiingereza, halafu Jumamosi tumzike mama yangu chini ya upuuzi huu?"

"Mimi nimenakili tu. Mzee kaandika kwa mkono wake, akasema nikigusa hata herufi moja nitamtambua."

"Mwongo mkubwa! Baba yangu hawezi kukosea hapo."

Na kweli hawezi. Baba alifundisha Kiingereza kabla yangu, na ni yeye aliyenichapa kwa ajili ya hiyo hiyo "one of". Ukishasema mmoja wa walio bora, unamtoa mtu kwenye kundi, na kundi si mtu mmoja. Lazima useme wives. La sivyo, ondoa "one of" useme the best wife, yeye peke yake, yaishe. Huku na huku hakushikiki. Nilimsema Fiifi mpaka nikachoka, nikaondoka.

Baba nilimkuta uani chini ya turubai, amejitanda kitambaa cheusi, anapokea pole. Nilisubiri wageni waliokuwa mbele yake waende kula.

"Baba, bango limekosewa."

"Halijakosewa."

"Basi niweke wingi? Iwe wives?"

"We Araba! Wajomba zako wasome habari ya wake wengi kwenye msiba wa dada yao? Unataka wanitafune?"

"Haya, tutoe 'one of'. Mama awe the best wife. Si ndivyo alivyokuwa?"

Alijipangusa uso kwa leso. "Hapo haitawezekana."

"Kwa nini?"

"Aba wa Tarkwa anakuja Jumamosi. Na kusoma anajua."

Sikuuliza Aba ni nani. Uso wa Baba ulishanijibu. Kumbe ndizo zile semina za walimu alizokuwa akituaga kwenda huko Tarkwa! Na Mama alikuwa anamfungia kenkey, ugali wetu wa mahindi, na samaki wa kukaanga, asije akalala njaa kwa watu. Damu ilinichemka. Mke mmoja kwa ajili ya wajomba, "one of" kwa ajili ya Aba, na mama yangu, ambaye hawezi tena kujitetea, ndiye wa kubebeshwa sentensi mbovu.

"Hata kudanganya kwa ufasaha umeshindwa," nilimwambia. Sikuwahi kusema na baba yangu hivyo. "Na hesabu nayo umeikosea, mwalimu. Wake wawili hawana best. Wawili wanalinganishwa kwa better. Best inaanzia watatu!"

Nilisema ili kumchoma tu. Nilitegemea anirukie, anizabe hata kofi mbele za watu. Badala yake aliinamisha kichwa, akawa anatazama makubadhi yake.

"Kanuni hiyo naijua, mwanangu," alisema taratibu.

Nilimtazama mpaka ikaniingia.

"Wa tatu yuko wapi?"

"Axim."

Nilitaka kupiga yowe, nikakumbuka kwamba msibani wangedhani namlilia Mama. Nikageuka, nikarudi kwa Fiifi.

"Futa huo mstari," nilimwambia. "Wote. Na hilo Essel la Baba liondoe. Mrudishie jina la baba yake, Quaicoe."

Fiifi alinitazama usoni, akaona asibishane. Akafuta.

"Sasa hapa chini niandike mke wa nani?"

"Usiandike mke wa mtu."