Huyo Wangu

Hatibu alipobonyeza mara ya nne, wanaume wawili waliokuwa wakinywa kahawa ng'ambo ya barabara waliruka kutoka kwenye benchi, mmoja tayari ana rungu mkononi. Walivuka mbio wakaingia dukani wakihema, wanauliza yuko wapi, kaelekea wapi. Ikabidi Hatibu ainue mikono yote miwili huku kicheko kinamponyoka, awaonyeshe kile kiboksi cheusi kisichozidi kipande cha sabuni. Ni king'ora cha baiskeli tu, aliwaambia, wakanywe kahawa yao. Walirudi wakimtukana kwa Kisukuma, na yule wa rungu hakuliweka chini hata alipokwisha kukaa.

Anisia hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya baiskeli yake, ameshika kiti kama mtu anayeshika ndama asikimbie.

"Nifungie hicho," alisema.

Hatibu alimwambia angoje, asikie vizuri kabla ya kuchagua. Babu yake alikuwa mtu wa Pangani, na ulimi wa babu ndio urithi pekee uliomfikia pale Kharumwa, basi akautumia. Kiboksi kina sauti nne. Ya kwanza ni gari la polisi. Ya pili mbwa. Ya tatu mtoto analia, sijui nani angetaka hiyo. Ya nne ndiyo ile filimbi, ndefu, kali, inakatika na kuanza tena. Akamshauri achukue mbwa.

"Mbwa nani atamtokea?" Anisia alisema. "Nataka hiyo ya mwisho."

Aliyeitengeneza huko ng'ambo hakujua anafanya nini, maskini wa Mungu. Kwao labda ni filimbi ya refa. Huku kwetu ikilia namna ile ni sungusungu, walinzi wa kijiji, wanaita, na mtu anaacha ugali, anaacha mgonjwa kitandani, anatoka na chochote alichonacho. Asiyetoka ataulizwa kesho yake alikuwa upande gani. Yaliyotokea hayaulizwi wakati huo. Yanaulizwa baadaye, kama kabaki wa kuulizwa.

Baiskeli yenyewe ilikuwa kioja. Ilikuwa ya mashindano, matairi membamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, na betri imefichwa ndani ya bomba la chini. Mtafiti mmoja aliyekuja kupima mawe alimwachia kwa bei ya kuondokea. Vijana walimcheka wakisema mama mpika ugali anataka kwenda Olimpiki. Lakini mlima wa kwenda machimboni, ule uliokuwa unamtoa roho na masufuria yake ya maharage na dagaa, sasa alikuwa anaupanda akiwa ameketi, anahema kidogo tu. Ilichokosa ni vitu vya maisha ya huku: karia, madigadi, stendi, taa. Hatibu alimfungia vyote, kimoja kimoja, na akataka kumwongezea kioo cha pembeni aone wanaomjia kwa nyuma.

"Kioo cha nini?" Anisia akamjibu. "Wangu walikuja kwa mbele."

Hatibu aliutazama mkono wa kushoto wa Anisia uliobaki na vidole vitatu, akachukua spana, akalegeza breki mpaka vidole hivyo vitatu vikaweza kuivuta.

Mwaka uliopita, wakati mahindi yamezidi kimo cha mtu, watu watatu walimkata panga kwenye njia ya kutoka machimboni wakachukua baiskeli yake ya zamani. Hakuiachia upesi, ndiyo maana vidole vilibaki kwenye usukani wakaondoka navyo. Alipiga mwano, lile yowe la hatari alilofundishwa na mama yake, akapiga mpaka koo likatoa damu, na mahindi yakalimeza lote. Hakuna aliyekuja. Alitembea mwenyewe hadi barabarani, mkono umefungwa kwenye kanga. Tangu siku ile kitu kilichomkaa rohoni hakikuwa woga. Ilikuwa hasira, tena hasira ya kutaka kuona. Alitaka filimbi ilie, watu waje, na yeye awepo.

Na alikuwa na mtu wake kichwani. Siku ile aliyejua kwamba angepita njia ya mahindini badala ya barabara kuu ni mmoja tu, Tarsisi, mdogo wa marehemu mumewe, anayeishi nyumba ya pili kwenye uwanja huohuo. Tarsisi aliwahi kufukuzwa duarani, kwenye shimo la machimbo, kwa kuficha jiwe lenye dhahabu mdomoni. Mtu wa namna hiyo. Anisia hakumshtaki kwa yeyote wala hakumwambia usoni. Aliacha tu kumpelekea chakula, na salamu akaifupisha ikabaki ya mdomo. Mwaka mzima waliishi hivyo, mtu na shemeji yake, wanapishana uwanjani kama wapangaji.

Filimbi ililia alasiri moja, wingu limeshajaa upande wa Geita na upepo unazungusha vumbi. Anisia alikuwa bombani anakinga maji. Baiskeli alikuwa ameiacha uwanjani inachajiwa, waya umepitishwa dirishani, king'ora kimewashwa kilie ikiguswa, na rimoti ya kukizimia ameifunga kwenye pindo la kanga. Alipoisikia aliiacha ndoo ikifurika akakimbia. Tuseme ukweli: alikimbia kwa furaha. Njia nzima alikuwa anamwomba Mungu wasiwe wamemaliza kabla hajafika.

Alikuta uwanja umejaa. Wengine walitoka mashambani na majembe, wengine na fimbo za ng'ombe, na Mwigulu, kamanda wa sungusungu, alikuwa kifua wazi ameshika rungu lake la mpingo. Mvua ilikuwa inaanza, matone makubwa. Baiskeli imelala ubavu, kiboksi kinapiga filimbi kama kimechanganyikiwa, na katikati ya miguu ya watu kuna mtu uso wake umo kwenye tope. Wanampiga bila kelele. Hilo ndilo linalotisha kwa wasiowahi kuona, kwamba watu hawapigi kelele, wanafanya kazi. Ulisikika mti ukigonga mfupa, na kila mtu akihakikisha wa kwake umefika, ili kesho asiwepo wa kusema mimi nilitazama tu.

Anisia alilijua shati kwanza. Lilikuwa la marehemu mumewe, yeye mwenyewe ndiye aliyempa Tarsisi siku ya kumaliza matanga.

Kisha akaiona nailoni. Ile nyeusi ya kuanikia mpunga. Pembe yake moja ilikuwa imefungwa kwenye kiti cha baiskeli kwa kamba, fundo zuri la mtu asiye na haraka, na pembe nyingine Tarsisi alikuwa bado ameishika ngumini. Mwizi gani huyo anayeifunga baiskeli nailoni? Ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho, ila siku hiyo macho yalikuwa na kazi nyingine.

Akasimama. Hakushikwa na mtu wala kuzibwa mdomo, alisimama mwenyewe. Mwaka mzima wa chuki ulimpanda kooni ukamwambia ngoja kidogo. Rungu likashuka, likashuka tena, na goti la Tarsisi likatoa mlio wa kuni kavu. Hapo ndipo sauti ilipomtoka.

"Huyo wangu!"

Kwa maana yake alikuwa amesema yote. Huyo ni wa nyumba yangu, damu ya baba wa mwanangu Vaileth, mwacheni. Lakini jamani, maneno hayo yakisemwa mbele ya mtu aliyelala chini akiitwa mwizi, hayana maana hiyo. Yana maana moja tu, na kila mtu pale aliijua. Mwigulu aliinua mkono. Duara likafunguka, watu wakampisha kwa heshima, maana vidole vyake walikuwa wanavikumbuka wote.

"Mpisheni Mama Vaileth," Mwigulu alisema. Akamtia rungu la mpingo mkononi. "Ni wako, mama. Anza wewe. Sisi tutamalizia."

Anisia alitikisa kichwa. Alisema ni shemeji yake huyo, hawamwoni?

"Tunamjua," Mwigulu alisema kwa upole, kama anampa pole ya msiba. "Ndiyo maana inauma."

Na filimbi inalia. Kila ilipokatika na kuanza tena, wengine walitokea, wameloa, wanahema, hawaulizi, wanatafuta tu nafasi ya kupenya. Mmoja alifika akampiga Tarsisi teke la kichwa kabla hata hajajua ni nani. Anisia alishika pindo la kanga alipofunga rimoti, akavuta kwa vidole vitatu, fundo limelowa, halifunguki. Alitumia meno. Halikufunguka. Akasema waache, wamsikilize, na sauti yake ikawa kama siku ile ya mahindi, inatoka bila kumfikia mtu.

Basi akaliinua rungu. Watu wakarudi nyuma kumpa nafasi. Akalishusha kwenye baiskeli.

Alipiga taa ikapasuka. Alipiga usukani ule wa pembe za kondoo. Alipiga kile kiboksi, kikaruka, kikaendelea kulia kwenye tope, akakifuata akakipiga tena na tena huku analia kwa sauti ya mtu anayezika, anakipiga kwa ajili ya vidole vyake, na kwa ajili ya yale mapigo mawili aliyoyatazama. Kikafa. Uwanjani ikabaki mvua na pumzi za Tarsisi, zinazotoka na povu jekundu.

"Alikuwa anaifunika," Anisia alisema. "Angalieni hilo fundo."

Mwigulu aliinama. Aliligusa fundo kwa kidole, akalitazama kama anayejifunza kulifunga. Kisha akalichukua rungu lake kutoka mkononi mwa Anisia, akaenda. Wengine nao wakaondoka mmoja mmoja, fimbo wamezificha nyuma ya miguu. Aliyeomba radhi hakuwepo. Mmoja aliokota kiatu cha Tarsisi kutoka topeni, akakipangusa kwa kiganja, akakiweka vizuri mlangoni.

Anisia alipiga magoti akampakata kichwa. Midomo ilikuwa imepasuka, meno ya mbele hayapo. Jicho moja likamtafuta likampata.

"Betri, shemeji," Tarsisi alisema. "Isilowe."

Hakufa. Alilazwa muda mrefu, na goti liliporudi nyumbani halikukunjika tena. Polisi walikuja wakauliza, na ikaonekana kwamba siku hiyo kijiji kizima kilikuwa shambani. Anisia akaanza tena kumpelekea chakula, asubuhi na jioni, anakaa naye hadi amalize. Habari ya siku ile ya mahindini hakumuuliza. Angemuuliza kwa mdomo upi?

Mavuno yalipokwisha aliiburura baiskeli hadi kwa Hatibu. Usukani ulinyooshwa, haukunyooka sawasawa. Hatibu, ambaye habari zote alikuwa nazo na hakuzigusa, alitandaza vitu juu ya meza kama zamani, na kwa mazoea ya mkono wake akatoa na kiboksi kipya, cha kisasa zaidi. Alipoona anachokishika akakirudisha haraka chini ya meza. Anisia alichagua karia pana ya chuma, mto wa sponji wa kukalia mtu, na vikanyagio viwili vya nyuma. Kimoja akaomba kisogezwe mbele sana, kwa ajili ya mguu usiokunjika. Akamalizia na kengele ya kawaida, ya kusukuma kwa kidole gumba.

Tarsisi alikuwa nje kwenye benchi la kahawa, gongo la kutembelea katikati ya mapaja. Alipandishwa kwa taabu. Alishika chuma cha karia kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu anayepakiwa na mke wa kaka yake, wakaondoka polepole, mota inavuma chini yao. Walipita sokoni, wakapita kanisani, wakaufikia uwanja wa mpira ambapo vijana wa jezi nyekundu na wa vifua wazi walikuwa wanagombania mpira kwenye vumbi.

Refa akapuliza filimbi.

Mikono ya Tarsisi iliachia chuma, ikamzunguka Anisia kiunoni, ikambana kwa nguvu mpaka akakosa pumzi. Uso wake aliuficha mgongoni mwake. Anisia alihisi joto la machozi yakipenya kanga. Hakusimama wala kugeuka. Barabara mbele yao ilikuwa tupu, hamna mtu wa kupishwa, hata mbuzi. Akaweka kidole gumba kwenye kengele akaipiga, akaipiga tena, na akaendelea kuipiga taratibu njia nzima mpaka uwanja ukapotea nyuma yao.