Dalal Si Mtungi wa Kubadilishwa

Miaka saba Ibtihal alikuwa mshonaji wa kikundi cha wachekeshaji cha mtaa wa Shubra, kazi yake kurudishia vifungo vilivyong'olewa na vitambi. Mwaka wa nane akajipa moyo, akaandika kichekesho chake mwenyewe: bwana mmoja aliyependa mtungi wa gesi. Kaupa jina Dalal, anaufuta vumbi, kaununulia kilemba chekundu, kaupeleka kwa mama yake ukapewe baraka. Kikipita kwenye mazoezi ya Jumatatu, kingeonyeshwa Alhamisi na jina lake lingeandikwa kwenye bango. Kisipopita, vifungo vilikuwa vinamsubiri.

Kikachezwa. Hakuna aliyecheka. Fakhri, aliyeigiza mpenzi, alimbusu Dalal shavuni, kama mtungi una shavu, na kilichosikika ukumbini ni mtu mmoja tu akipasua mbegu za maboga kwa meno.

"Haya, maoni," akasema mpasua mbegu, ambaye ndiye Ustadhi Rifaat, mwongozaji. "Binti yangu, hakieleweki. Mtungi hauna macho. Mpe huyo bwana kasuku."

"Kasuku anapendeka, Ustadhi. Hapo cha kuchekesha kiko wapi?"

"Kwani sasa hivi kiko wapi?"

Swali hilo lilimchoma Ibtihal.

"Mimi nasema mtungi uimbe," akachangia Fakhri.

Ibtihal aliandika yote pembeni mwa karatasi, kwa mwandiko mzuri, kama mgonjwa anayepokea dawa asizokusudia kuzimeza.

"Tunywe chai, kisha niamue," akasema Rifaat. "Na nisikufiche, nimeshaamua."

Wote wakatoka kwenda mlangoni kwa Mama Hashim, muuza chai wa ukumbi. Chai hakuna. Gesi ilikuwa imemwishia, na wakati huohuo nje mtaani ikasikika ngo! ngo! ngo!, spana ikigonga chuma: muuza gesi kapita. Mama Hashim akauviringisha mtungi wake mtupu mpaka kwenye mkokoteni. Kisha, kwa kuwa ni mwanamke mwenye huruma, akakumbuka kwamba jukwaani kulikuwa na mwingine umekaa bure.

Waliporudi jukwaani baada ya chai, Fakhri alisimama ghafla.

"Huyu nani?"

"Gesi," akajibu Mama Hashim.

"Dalal yuko wapi?"

"Dalal gani? Ule mtupu? Nimekubadilishia, mwanangu. Muuza gesi hapiti kila siku. Sema asante."

"Lakini yule nimeshamzoea! Alikuwa na kibonyeo ubavuni, mkono wangu unakaa palepale!"

"Huyu hana kibonyeo, na amejaa. Unataka nini zaidi?"

Fakhri hakuwa anaigiza. Wiki tatu alikuwa ameubeba mtungi ule, na sasa machozi yalimlengalenga. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Rifaat alipaliwa na mbegu, ikabidi apigwe mgongoni.

Ibtihal peke yake hakucheka. Alikuwa anatafuta penseli.

"Mama Hashim, una maoni gani juu ya kichekesho changu?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa chai." Akajifuta mikono. "Ila huyo bwana wako ana wazimu wa ajabu. Mtungi haukai na mtu. Unatoa mtupu, unapewa uliojaa, wa kwako huuoni tena. Sasa yeye kapenda kitu kama hicho? Maskini!"

Ibtihal akamfuta kasuku kwa mstari mmoja.

"Ustadhi, maoni yako nimeyasikia, sasa sikia yangu. Kilichokosekana si macho ya mtungi. Ni muuza gesi. Mama anambadilisha Dalal kwa nia njema kabisa, na mwanawe anaukimbilia mkokoteni wenye mitungi kumi na miwili, yote sura moja."

"Na ukumbi ukinyamaza?"

"Nitashona vifungo mpaka nife, na hutanisikia nikilalamika."

Rifaat akamimina mbegu zake mfukoni. "Mwenye penseli aandike. Alhamisi."

Alhamisi, Mama Hashim mwenyewe aliigiza mama, akakataa katakata kuvua aproni. Fakhri akapiga magoti katikati ya mitungi, akawa anabisha hodi mmoja baada ya mwingine: "Ni wewe, roho yangu?" Alipofika wa tisa, mama mmoja wa safu ya tatu hakuvumilia, akasimama:

"Wa mwisho kushoto, mwanangu! Mwenye kibonyeo! Mbio, mkokoteni unaondoka!"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Nyuma ya pazia Rifaat naye alicheka mpaka kifungo cha suruali kikaruka.

"Ibtihal! We Ibtihal! Kifungo!"

"Mwandishi anaitwa jukwaani, Ustadhi," akajibu Ibtihal, akipita mbele yake kwenda kwenye makofi. "Sindano iko droo ya pili."