Gogo la Dirishani

Gogo lenyewe lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililomuudhi. Mjomba alilikata asubuhi, akalisawazisha juu liwe la kuchongea, kisha akalisukuma mpaka dirishani, penye mwanga ambao dada mtu alikuwa akiuonea uchu tangu alipoanza kuchonga miiko katika karakana ile. Miaka yote hiyo amechongea konani, nyuma ya mlango, akigombana na kivuli chake mwenyewe. Leo mdogo wake, aliyekuja juzi tu na kuchekacheka kwake, ndiye anayetengewa dirisha!

Roho ilimuuma, tusifichane. Mwiko wa kwanza wa mdogo mtu, uliochongwa kwa kisu kitupu, mjomba aliutundika ukutani. Wa kwanza wake yeye, mjomba aliutia motoni akachemshia chai.

"Nenda na mdogo wako kwa mhunzi," mjomba akamwambia. "Mchagulie kishoka cha kuanzia. Wewe ndiye unayejua."

"Sawa, mjomba," akajibu, kwa adabu zote.

Kwa mhunzi vishoka vilitandazwa juu ya gunia. Mdogo mtu akakirukia kikubwa kuliko vyote.

"Weka chini hicho," dada akasema. "Mti mbichi ni laini, hautaki mabavu. Ukianza na kizito mkono utachoka mapema, na mkono uliochoka hukata vidole."

Hapo hakudanganya. Akakataa na chenye mpini mrefu. Vikabaki viwili, vyepesi, vya makali yaliyopinda kidogo, vyenye mpini unaokubali kushikwa karibu na kichwa. Kimoja kilinolewa pande zote mbili. Kingine kilinolewa upande mmoja tu, upande wa pili bapa. Hicho huuma mti vizuri ajabu kwa anayetumia mkono wa kulia, lakini kwa mwenye mashoto huteleza, na kikishateleza hakichagui pa kwenda.

Mdogo wake alikuwa na mashoto tangu utotoni. Mama yao alimhamishia kijiko mkono wa kulia mpaka akachoka.

"Anatumia mkono gani?" mhunzi akauliza.

"Wa kulia," dada akajibu upesi.

"Lakini dada, mimi si..."

"Shoka hushikwa kulia. Utazoea."

"Haya, wewe ndiye fundi," mdogo wake akasema, na aliamini kweli. Njia nzima alikikumbatia kifuani kile cha upande mmoja kama kitoto kichanga. Dada alitangulia mbele akijiona mshindi, ila hakuthubutu kugeuka nyuma.

Mjomba alikipokea, akakipima uzito mkononi, akaguna kwa kuridhika. Kisha akapitisha kidole gumba kando ya makali, upande huu, upande ule. Kidole kikasimama.

"Dada yako alikushikisha mkono gani?"

"Wa kulia, mjomba. Kasema nitazoea."

Mjomba akamtazama dada mtu. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Hebu simama pale dirishani," akamwambia.

Akasimama. Gogo likamfika nyongani barabara, kimo cha mchongaji anayefanya kazi bila kuinama. Kimo chake yeye. Mdogo wake alivyo mfupi, lingemkaribia mbavu. Fundi yeyote angeliona hilo kwa kutupa jicho tu, lakini yeye asubuhi nzima alilitazama kwa kijicho, asilipime hata mara moja.

"Nilikukatia wewe," mjomba akasema. "Macho yangu yamechoka. Nikasema, anayeweza kumchagulia mwenzake shoka ameshakuwa fundi, akae kwenye mwanga amfundishe mdogo wake." Akakiweka kishoka mezani. "Kesho utakirudisha kwa mhunzi, na utamwambia mwenyewe kwa nini. Sasa niletee msumeno."

Akauleta. Mjomba akamsimamisha mdogo mtu kando ya gogo, akapima kwa kiganja, akachora alama ya mkaa usawa wa nyonga yake, chini kabisa ya kimo cha dada.

"Lishike lisiyumbe."

Dada akalishika kwa mikono miwili. Msumeno ukaanza kula mti, na unga mbichi ukawa unammwagikia miguuni. Alitamani kulia, akajikaza kisabuni.

Mdogo wake, ambaye hakuwa ameelewa lolote, akainama karibu yake.

"Angalia vidole, dada," akasema. "Usije ukaumia."