Vigingi Vilivyonyooka

Siku ya kwanza tulikuwa saba mezani, na kila mmoja aliombwa ataje janga lake. Ndivyo mratibu alivyosema, "janga lako," kwa sauti laini kana kwamba anauliza jina la mtoto. Kijana mwenye miwani akasema moto wa masokoni. Dada mmoja mrefu akasema mafuriko ya mjini. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mlima unaoporomoka," halafu nikajisahihisha: "Samahani, mlima usioporomoka." Wakacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, Mungu anisamehe.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, mwalimu wa jiografia wa sekondari, na Mpango wa Watafiti wa Majanga na Ustahimilivu ulikuwa umenichagua kati ya waombaji mia mbili. Nilipewa mwaka mzima chuoni, meza yangu mwenyewe, ufunguo wa maktaba, na kitambulisho chenye picha niliyotoka nimetoa macho kama mtu aliyefumaniwa. Kilichonibeba ni daftari. Kwa miezi kumi na minane, kila mwisho wa mwezi, nilipanda mtaa wa mlimani nilikozaliwa na kupima vigingi arobaini vya nondo nilivyovipigilia kwa safu nne kwenye mteremko. Mlima ukihama, vigingi huhama nao. Safu hupinda, kigingi huinama. Vyangu havikuwahi kusogea hata upana wa kalamu.

"Data safi sana," mratibu aliniambia. "Ni nadra kuona data safi namna hii."

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini ni nadra. Mimi sikujiuliza. Sifa ni tamu, na nilikuwa nimekaa na njaa yake miaka mingi.

Daftari hilo lilikuwa limeshafanya kazi kabla ya mimi kufika chuoni. Mwaka uliotangulia nyufa zilionekana juu ya mtaa, na familia sitini zikahamishiwa kwenye mahema katika uwanja wa shule. Miezi minne baadaye ofisi ya majanga ikasoma vipimo vyangu, ikaona mlima umetulia, ikafunga mahema. Watu wakarudi makwao wakinishukuru. Mama Cherehani, mshonaji anayepakana na baba yangu, alinishonea blauzi na akakataa katakata kulipwa.

Wiki ya pili mtaalamu wa ramani alituita chumbani kwake, kila mtu aone picha za setilaiti za eneo lake. Ya kwangu aliifungua mwisho. Akaitazama, akaifunga, akaifungua tena.

"Mwalimu, huu mteremko wako umeshuka karibu nusu mita kwa misimu miwili."

"Haiwezekani. Nina vipimo vya ardhini."

"Naviona. Vizuri mno." Akajikuna kidevu. Hakuwa mtu wa makuu, alikuwa amechanganyikiwa kweli. "Picha zinaweza kukosea kidogo, lakini si nusu mita. Hebu nenda kaangalie."

Hapo nyuma sikuwahi kwenda kupima bila kumpigia baba simu siku moja kabla. Baba ni fundi muashi mstaafu. Mtaa mzima unamwita Fundi, na nusu ya nyumba za pale zimepita mikononi mwake. Kila nikipiga simu angesema, "Njoo, mwanangu, utakuta kazi yako iko salama." Safari hii sikupiga. Nilifika Jumamosi asubuhi, nikapita nyuma ya nyumba, nikamkuta kwenye safu ya tatu amepiga magoti matopeni. Alikuwa amevuta kamba kutoka kigingi cha kwanza mpaka cha mwisho, ananing'iniza timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia unyoofu, na nyundo iko kiunoni.

"Baba, unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. Alifurahi kuniona. "Ah, umekuja bila taarifa! Subiri, bado viwili."

"Viwili vya nini?"

"Vya kunyoosha. Hivi vitu vyako vinalala, binti yangu. Nikiviacha mwezi mzima, hii safu inakuwa kama meno ya kizee." Akapiga nyundo mara mbili, akafumba jicho moja, akaridhika. "Sikutaka kukwambia. Niliona wewe ni mwalimu, nyundo hujaizoea, pengine hukuvishindilia sawasawa. Sasa wenzako wa chuo wakija wakute kazi ya mtoto wa Fundi imepinda? Aibu hiyo ningeiweka wapi?"

"Tangu lini, baba?"

"Tangu ulipoanza. Ile mita tano yako kati ya kigingi na kigingi naipima kwa fimbo. Usiwe na wasiwasi, sijawahi kukosea."

Nikamuuliza huwa vinahama kiasi gani. Akanionyesha kwa mkono: kiangazi kidole, mvua shubiri. Mkono ulikuwa bado hewani nilipoona uso wake unabadilika. Baba yangu si mjinga. Amejenga kwenye udongo miaka arobaini. Aliushusha mkono polepole, akatazama mteremko, kisha akatazama mapaa ya nyumba chini yetu. Tulikaa pale matopeni kama watoto waliovunja chungu cha watu.

Mvua zilitarajiwa baada ya siku kumi.

Jumatatu nilimwambia mratibu kwamba vipimo vyangu vina kosa kubwa na watu wahamishwe. Akaniuliza kosa gani. Nikasema, "La upimaji." Akashusha pumzi. Akasema niandike barua kwa kamati, kamati inakaa baada ya wiki tatu, na kwa sasa tusizue taharuki kwa sababu ripoti imeshapita ngazi zote. Nilimwambia mvua haisubiri kamati. Akanipa pole na kikombe cha chai. Ofisi ya majanga nayo ikanitaka nilete kwanza barua ya kamati.

Ikabaki kwenda kwa watu wenyewe. Walikusanyika Jumatano jioni kwenye uwanja mdogo mbele ya duka, wamekaa juu ya ndoo na matofali. Nikawaambia: nilikosea, mlima unatembea, tafadhali tokeni kabla ya mvua.

"Mwalimu," alisema Mama Cherehani, "juzi ulisema turudi, tukarudi. Leo unasema tutoke. Sisi ni mpira?"

Watu wakacheka, lakini walikuwa wananisikiliza. Nataka hilo lieleweke. Walikuwa wananisikiliza.

"Basi tuambie," mzee mmoja akasema. "Ulikosea nini hasa?"

Baba alikuwa mbele kabisa, kofia juu ya goti. Ningesema, "Baba yangu alivinyoosha kila mwezi kwa mkono wake," wangeinuka pale pale wakafunge virago. Wanamjua Fundi na timazi yake. Wangeniamini kabla sijamaliza sentensi. Nikamtazama. Na yeye akanitazama, na nikajua anangoja niseme, na kwamba akisikia nikisema, hatainua tena kichwa katika mtaa huo. Angeweza kusema mwenyewe. Midomo ilimcheza, haikutoa sauti. Tulipeana nafasi namna hiyo, mimi na yeye, kama watu wawili mlangoni kila mmoja akimwambia mwenzake pita.

"Hesabu," nikasema. "Nilikosea hesabu."

"Aa, hesabu!" Mama Cherehani akapunga mkono. "Basi rudia tu, mama. Kesho utakuta ulikuwa sahihi."

Wakatawanyika wakitaniana. Familia nne ndizo zilizohama. Baba nilimchukua kwa nguvu nikamleta kwenye chumba changu cha kupanga, na hata hilo wakalifanyia mzaha, kwamba Fundi kaitwa mjini kula raha.

Mlima ulishuka siku ya kumi na moja tangu Jumamosi ile, saa nane mchana, mvua ikiwa imeshapungua na watu wakianika nguo. Ulichukua nyumba ishirini na tatu. Walikufa watu kumi na wanne. Mume wa Mama Cherehani alikuwa mmoja wao, na kitindamimba wao wa kike, aliyekuwa ameingia ndani kufuata vibanio.

Nilidhani chuo kitanifukuza. Nilikitamani kitendo hicho kama mgonjwa anavyotamani usingizi. Badala yake mratibu aliniita, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba sasa nina kitu ambacho hakuna mtafiti mwingine anacho: vipimo vya kabla, tukio lenyewe, na jamii iliyopokea maonyo mawili yanayopingana. Kamati imeongeza muda wangu kwa mwaka mmoja. Sikukataa. Nimejaribu kujieleza kwa nini na sijapata jibu la kujivunia. Labda niliogopa kwamba nikiondoka nitaulizwa sababu.

Baba hajataja vigingi tangu siku ile. Asubuhi hukaa kwenye kiti changu akitazama ukuta wa jirani, ambao umepinda vibaya, wala hasemi neno.

Jana nilikwenda uwanja wa shule na hojaji yangu. Mahema yamerudi palepale. Mama Cherehani alinikaribisha kwenye mkeka, akanisogezea mto niegemee. Maswali sita aliyajibu vizuri tu, kwa sauti ya mtu anayehesabu mishono. La saba lilikuwa: *Kwa nini hukuhama baada ya onyo la pili?*

Alifikiri. "Kwa sababu sikuona kosa la kumfanya mtu akimbie. Ungenionyesha kosa lenyewe, ningekimbia." Halafu akaniuliza, bila hasira, akinitazama machoni: "Hivi, mwanangu, lilikuwa hesabu kweli?"

Hema lilikuwa na joto. Nje watoto walikuwa wanapanga foleni ya maji. Hapakuwa na kamati pale, wala baba.

"Hesabu," nikasema.

Akanishika mkono, akaupapasa taratibu kama wa mgonjwa. "Pole, mama. Hata mimi shuleni zilinishinda. Usijiue kwa ajili hiyo."

Nikamshukuru. Nikaandika jibu lake kama alivyolitoa, nikageuza ukurasa, nikamsomea swali la nane.