Programu-jalizi ya Marehemu

Mkuu wa kazi alitaka jibu kabla ya chakula cha mchana: programu-jalizi zikae ndani ya programu yetu ya kuchorea, au nje? Ni vipande vidogo tu, vinavyochomekwa kwenye programu kubwa. Vikikaa ndani, hukimbia kufumba na kufumbua, ila hugusa chochote vinachotaka. Vikikaa nje, kila jambo lazima vibishe hodi, na mstari hubaki nyuma ya kalamu.

Ningejibu papo hapo: nje. Sipendi mgeni anayefunua masufuria. Lakini programu-jalizi iliyobaki kupimwa ilikuwa kazi ya mwisho ya marehemu mume wangu. Ilikisia mkono wa mchoraji unaelekea wapi, naye aliifundisha kwa michoro ya mkono wake mwenyewe. Ikiwekwa nje ikaonekana nzito, Mkuu ataifuta.

"Mwache ndani, shemeji," alisema mdogo wake marehemu, anayekaa meza ya pili. "Ukimtoa nje, umemzika tena."

"Usiniletee mambo ya maziko. Hii ni programu."

Nikaiweka ndani, nikachora. Mstari ulifika kabla ya kalamu. Nikainua kalamu, mstari haukusimama. Ulichora kuta, paa, dirisha, ukaacha mahali pa mlango patupu. Marehemu alichora nyumba hiyo hiyo kila akiongea kwa simu, kisha ananisukumia karatasi: "Mlango chora wewe."

Shemeji alikuwa analia. Mimi nilitaka kuuchora mlango huo, sitaficha. Nilikuwa na hamu naye hadi kifua kinauma. Badala yake nikafungua ramani ya zahanati aliyotuletea mteja. Nyumba ile ilikuwa humo, juu ya wodi za watu. Nikafungua mchoro mwingine. Humo pia.

"Anakutafuta," shemeji alinong'ona.

"Anatafuta kwenye mali za watu!"

Nikapiga moyo konde, nikaihamishia nje. Sasa mstari ulinifuata kwa mbali, ukijikokota. Nikaweka kalamu chini. Kuta zikatokea polepole, halafu paa, halafu dirisha. Nikaishika kalamu tena. Mlango mmoja tu, niliwaza, utamdhuru nani?

Mstari haukunisubiri. Ukajichorea mlango, umefungwa, na kufuli juu yake.