Sauti ya Nne

Mkanda ulikuwa umebaki mmoja, na ulikuwa wa Nazife. Aliuweka ndani ya kopo la chai kabatini, nyuma ya sukari, na kila mwaka siku aliyofariki mumewe aliutoa, akautia kwenye redio ya zamani na kuusikiliza mara moja. Mara moja tu, kwa sababu ulishaanza kulia kama bawaba kavu, na fundi redio wa mwisho pale mjini Tepelena alishafunga duka akahamia Ugiriki kwa wanawe.

Ndani ya mkanda huo walikuwamo wanaume wanne. Demir alianzisha wimbo, wa pili akamjibu, wa tatu akaurusha juu. Wa nne, Rrapo mume wa Nazife, alishika iso: sauti moja ya chini, nzito, isiyo na neno hata moja, inayoingia na wimbo na kwenda nao mpaka mwisho bila kukatika. Huko milimani hata mtoto anajua kwamba hao watatu wakiachwa bila iso ni watu wanaogombana tu. Lakini mshika iso hapigiwi makofi. Kwenye picha ya kasha la mkanda Demir yuko mbele na masharubu yake, na Rrapo amekatwa, limebaki bega. Mwenyewe hakujali. "Demir ni vigae, vinaonekana toka barabarani," alikuwa akisema. "Mimi ni msingi. Nani amewahi kupita njiani akasifu msingi?"

Mkanda ulipotoka, mwaka tisini na tatu, Demir aliutangaza kwa miguu yake. Alisimama kituoni na mfuko begani, akampa dereva wa kila basi la kwenda Ugiriki mkanda mmoja bure. Haikuwa ukarimu, maana Demir hana ukarimu huo. Alijua dereva akiupenda ataupiga kutoka Tepelena mpaka Yanina, kule Ugiriki, na abiria hamsini, wanaoacha mama zao nyuma, watashuka wakiulizia wimbo ule ni wa nani. Mwaka ule hapakuwa na harusi bonde zima iliyokosa mkanda wa Demir. Halafu, kama ilivyo kwa kila kitu cha watu, ukachakaa. Wengine walirekodi mpira juu yake, wengine nyimbo za Kiitaliano. Demir mwenyewe aligawa nakala yake ya mwisho kwa mgeni mmoja aliyemsifu sauti. Sifa zilimlevya toka ujana.

Rrapo alikufa miaka kumi na saba iliyopita. Sauti yake haikubaki popote pengine. Kuna video ya harusi ya jirani ambamo anaonekana, lakini humo anakula tu.

Sasa mwaka huu, baada ya sikukuu ya machipuo, mjukuu wa Nazife, Sidorela, alipiga simu kutoka Bologna, ughaibuni anakoishi na mama yake, binti wa Nazife. Alikuwa na miaka mitatu babu yake alipofariki, na sasa ni msichana wa chuo.

"Bibi, babu alikuwa na sauti gani?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi? Nyembamba? Nzito? Nikijaribu kumkumbuka naona kofia tu. Nimemuuliza mama, kasema niulize wewe, yeye walipokuwa wakiimba alikuwa anaziba masikio."

"Hilo kweli, mama yako alikuwa mkorofi."

"Nataka kumsikia, bibi. Mara moja tu."

Nazife aliweka simu mbele ya redio, mkanda ukalia, mtandao ukakatika. Wakajaribu tena, ukakatika tena. Siku ile alikaa jikoni mpaka maharage yakaungua. Mtoto anaomba kitu kimoja, na kitu chenyewe kimo ndani ya nyumba, na hawezi kumpa.

Ndiyo maana Demir alipokuja Jumatano akiwa amechana masharubu, hakumfukuza mara moja.

"Shemeji, nipe ule mkanda."

"Nimekupa kahawa, inatosha."

"Sikiliza kwanza. Klodian, mtoto wa dada yangu, kazi yake kule Tirana ni kupandisha nyimbo mtandaoni. Akiupandisha leo, kesho anasikia mtu wa Bologna, anasikia mtu wa Amerika. Hakuna mkanda, hakuna basi, hakuna kituo. Anasema siku hizi msikilizaji asiponaswa ndani ya sekunde chache anaupita wimbo kama anavyopita kuku barabarani. Kwa hiyo atausafisha, atakata vile vikohozi vyetu vya mwanzo, atoe kipande kifupi cha kunasia watu."

"Na wewe umeshajiona kwenye televisheni."

"Nimejiona, kwani dhambi? Lakini shemeji, Sidorela atamsikia Rrapo. Popote alipo, muda wowote anaotaka."

Hapo alimpata. Nazife alitoa kopo, akautazama mkanda, akaurudisha, akautoa tena. Kisha akauweka mezani kando ya mkate.

"Apa."

Demir aliweka kiganja juu ya mkate. "Kwa mkate huu, utarudi kama ulivyokwenda."

Na kusema kweli alimaanisha. Demir ana kasoro zake, ila si mwongo.

Wiki tatu baadaye alipanda ngazi za Nazife mbiombio, na umri wake ule, simu mkononi. "Umetoka! Umetoka!" Wakakaa mezani, akabonyeza. Sauti ya Demir ikaingia, safi kama mtu amefungua dirisha. Ya pili ikaingia, ya tatu ikapanda. Nazife akasubiri. Aliinamisha kichwa mpaka sikio likagusa simu. Wimbo ukaisha.

"Rrapo yuko wapi?"

"Yumo, shemeji. Hii simu ndogo tu. Kispika cha simu hakiwezi sauti nzito, Klodian alishaniambia."

"Una hakika?"

"Mimi mwenyewe sikumsikia, nikajua ni simu. Twende mgahawani, pale pana spika kubwa kama jokofu."

Walishuka pamoja, upepo wa Tepelena ukiwasukuma mgongoni, Nazife akifunga vizuri kitambaa chake kama anakwenda kumpokea mtu. Mwenye mgahawa aliwajua wote wawili. Alizima televisheni, akaunganisha simu na spika, akaongeza sauti mpaka vijiko vikacheza kwenye visahani. Wateja waligeuka. "Aa, Demir, bado una koo lile lile!" mmoja akamtania. Demir alikuwa anamtazama Nazife, aliyesogea mpaka kwenye spika na kuweka kiganja juu ya kitambaa cheusi cha spika, kwa kuwa sauti ya Rrapo, ukiijua, uliisikia kwanza kwa mkono.

Sauti tatu zilipita. Chini yake hapakuwa na kitu. Watatu wale walipanda na kushuka, wakiitana na kujibizana hewani.

"Hayumo," alisema Nazife.

Demir alimpigia Klodian palepale, simu ikiwa bado kwenye spika, na mgahawa mzima ukasikia.

"Mjomba! Umeona namba? Watu elfu arobaini kwa siku tano!"

"Klodian, iso iko wapi?"

"Iso gani?"

"Ile sauti ya chini."

"Aa, ule mvumo? Mjomba, mkanda ulikuwa na mvumo mbaya, kama friji, mwanzo mpaka mwisho, haunyamazi hata kidogo. Nikaupitisha kwenye programu, ikaukamata yenyewe ikaufuta wote. Ndiyo maana mnasikika safi hivyo."

Aliyekuwa akitania aliweka kikombe chini.

"Mvumo ule alikuwa mtu," alisema Demir. "We mtoto, kwenu hakuna iso?"

"Iso naijua, mjomba, kundi zima linavuma pamoja! Hapa nilihesabu watu kwenye picha, nikaona watatu. Watatu na bega. Nikasema huyo wa bega labda mpita njia."

Nazife alisogea karibu na simu. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, mkanda wenyewe unao?"

"Shikamoo bibi. Mkanda... ulikatika nilipokuwa naurudisha nyuma, ulikuwa umekauka. Nikautupa. Nikasema wa nini tena, wimbo uko mtandaoni, haupotei milele."

"Na kabla hujausafisha? Hukuweka popote?"

Klodian sasa alikuwa ameanza kuelewa, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Nilifuta, bibi. Kompyuta ilijaa. Bibi, nisamehe, mimi sikujua kama..."

"Basi, baba," alisema Nazife. "Kata simu, usimalize salio la mjomba wako."

Alikwenda nyumbani peke yake. Demir alimfuata hatua kumi nyuma, mpaka kwenye ngazi, na hapo akasimama. Nazife aliingia, akafunga mlango, akalia. Alikuwa ameshamlia Rrapo miaka kumi na saba iliyopita pamoja na wanawake wa mtaa mzima, wakipokezana maombolezo kama desturi ilivyo. Safari hii alilia bila mwenzake. Utamwendea nani umwambie mume wako amekufa tena, na wimbo wake uko kila mahali?

Na kweli ulikuwa kila mahali. Klodian alikuwa amekata kipande cha sekunde ishirini, sauti ya Demir inapopanda, na watu wakakipenda. Walikiweka nyuma ya video za mbuzi, za wapanda milima, za bibi harusi akishuka kwenye gari, za mwanamume mmoja wa Poland akikata kuni. Wengi wao hawakujua ni lugha gani. Wasikilizaji walifika laki saba, wakafika milioni. Zamani mtu aliusikia wimbo mzima kwa sababu basi lilikuwa halina mlango wa kukimbilia, na akifika Yanina aliwajua wale wanne kama jamaa zake. Sasa milioni nzima imesikia sekunde ishirini, na hakuna aliyeuliza kwa nini wimbo unaelea. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo wasemavyo watu.

Demir aliitwa kwenye tamasha la Tirana, akasema anaumwa. Badala yake alikuwa akija kwa Nazife kila asubuhi na kitu mkononi: jibini, au mkate wa mahindi, siku nyingine kuni. Nazife alimpokea. Angemfukuza angebaki na nani wa kumkumbuka Rrapo? Wale wengine wawili walishakufa.

"Nitukane basi," alimwambia siku moja. "Nitukane nipumue."

"Kwani kutukana kutamrudisha? Kunywa kahawa."

Sidorela hakuwa ameambiwa kitu. Kila alipopiga, Nazife alisema mkanda bado uko kwa fundi. Alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia mtoto kwamba alichoomba kimekwisha, na hakuyapata.

Jumapili moja asubuhi simu iliita Demir akiwa mezani. Nazife alikuwa anakanda unga wa pai, mikono imejaa, akabonyeza kwa kifundo cha kidole, na sauti ya msichana ikajaa jikoni.

"Bibi! Kwa nini hukuniambia? Nimeupata!"

"Umepata nini, mpenzi?"

"Wimbo wa babu! Rafiki yangu kaniletea video ya mbuzi, nikasikia, nikatafuta mpaka nikaupata mzima, nikaona jina la kundi lao. Bibi, nimelia ndani ya treni mpaka mama mmoja akanipa leso. Nimemsikia babu."

Nazife alisimama na unga mikononi.

"Nimemjua bila kuambiwa," Sidorela aliendelea, haraka haraka, kama anayeogopa kunyang'anywa. "Ni yule anayeanza, si ndiyo? Yule mwenye sauti kama analia na kujivuna kwa pamoja. Sasa naisikiliza kila siku nikienda chuo. Usiku wa mitihani naisikiliza. Mama nimemsikilizisha, kasimama dakika moja halafu katoka chumbani. Ni yeye, bibi? Yule wa kwanza ni babu?"

Nazife alimtazama Demir. Demir naye alimtazama. Ilikuwa sauti yake, kitu pekee alichokuwa nacho duniani zaidi ya masharubu, na sasa kilikuwa kinazunguka dunia nzima. Alivua kofia akaiweka gotini. Kisha akaitikia kwa kichwa taratibu: ndiyo, mpe.

"Ndiye," alisema Nazife. "Huyo ndiye babu yako."

"Nilijua! Nilijua tu! Na wale wengine wawili ni akina nani?"

Nazife akarudisha mikono kwenye unga. Demir akasogea karibu na simu.

"Ni rafiki zake, binti," alisema. "Tulikuwa tunamsindikiza."